Mlima wa kupumzikia ni wa nani?

Juma lililopita kijana mmoja wa mtaani kwetu alinionyesha tangazo kwenye simu yake. Lilikuwa la hoteli moja ya upande wa Rwanda, kwenye milima hii hii ya volkano ambayo sisi wa Goma tunaiona kila asubuhi tukifungua mlango. Picha zilikuwa nzuri: ukungu juu ya miti, kitanda cheupe, moto unawaka ukutani, mtu amelala kifudifudi anakandwa mgongo kwa mafuta. Tangazo lilialika watu waje kupumzisha mwili na roho, wavute hewa safi na wasikilize kimya cha mlima. Bei ilikuwa kwa dola, tena kwa usiku mmoja tu. Kijana akacheka, akaniuliza: "Kaka, kweli watu wanalipa pesa kusudi walale?"

Nilicheka pamoja naye. Lakini usiku swali lake lilinirudia, na tangu siku ile sijaliacha. Leo ninawaandikia ninyi mnaotusikiliza redioni, na zaidi ninyi familia mliokimbia vita, mawazo yangu juu ya swali hilo. Mimi ninasema hivi: pumziko si anasa ya matajiri. Ni hitaji la mtu kama maji na chakula, na sisi wa Kivu tumekaa miaka mingi bila kulidai.

Tuanze na mlima wenyewe. Ukitoka Goma kwa barabara ya Rutshuru, baada ya kilometa chache unafika Kibati. Hapo ndipo watalii walikuwa wanaanzia kupanda Nyiragongo, mlima wenye kimo cha mita karibu 3.470. Kibali cha kupanda kilikuwa dola 300. Walipanda saa nne, tano au sita pamoja na walinzi wa hifadhi ya Virunga, vijana wetu wakiwabebea mizigo. Walilala juu kwenye vibanda vidogo, wakatazama moto wa volkano usiku, kesho yake wakashuka wakisema wamepumzika, ingawa miguu inawauma.

Kwenye barabara hiyo hiyo, Kibati na Kanyaruchinya, ndiko maelfu ya familia walipiga kambi mwaka 2008, tena mwaka 2012, tena mwaka 2022. Walilala juu ya mawe meusi ya lava, chini ya plastiki. Mlima ulikuwa mmoja na baridi ilikuwa ile ile. Mgeni alilipa dola 300 aende kuihisi baridi ile. Mama wa Rutshuru aliipata bila kulipa, na mtoto wake akakohoa mpaka asubuhi.

Siandiki hivi kwa kuwachukia watalii. Walipokuja, mbeba mizigo alilipa masomo ya watoto wake, mama muuza chai aliuza, mwenye moto alipata abiria. Mwaka 2018 ziara za Virunga ziliposimamishwa kwa sababu ya mauaji na utekaji, na mwaka 2020 zilipofungwa tena wakati wa korona, watu wa kwetu waliona njaa kwanza kabla ya wageni wale. Ninachouliza ni jambo lingine: ilikuwaje mpaka kupumzika mlimani kukawa jambo la watu wa mbali peke yao?

Maana zamani haikuwa hivyo. Wazee wanajua. Mtu akitoka hospitalini Goma, dhaifu, hakurudishwa kwenye kelele za mji. Alipelekwa kwa bibi yake juu, Masisi au Rutshuru au Lubero, akae mwezi mmoja. Kule anakunywa maziwa, anakula viazi vya shambani na maharagi mapya, anaota jua la asubuhi mbele ya nyumba, na hakuna anayemuuliza kitu. Watoto wa mji walipelekwa huko wakati wa likizo, wakarudi wamenenepa. Watu wenye gari walipanda Masisi siku ya Mungu kutazama ng'ombe kwenye majani mabichi na kununua jibini. Hakuna aliyeiita huduma ya afya, na ilikuwa huduma ya afya kabisa. Vita ndiyo iliyotufungia njia ile. Leo kijiji cha bibi ndicho tunachokikimbia.

Sasa niwaambie kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Kabla kambi za kuzunguka Goma hazijaondolewa mwanzoni mwa mwaka 2025, nilienda kwenye moja kutayarisha habari. Nilikuwa na haraka, saa ya matangazo ilikuwa inakaribia. Niliona mama mmoja amelala kando ya hema lake, juani, kichwa juu ya mkono wake, mtoto mgongoni amelala pia. Nilitaka sauti ya mama. Nikainama, nikamgusa bega, nikasema: "Mama, samahani, unatoka kijiji gani?" Aliruka kama mtu aliyesikia risasi. Alimshika mtoto, akatazama huku na huku, akitafuta pa kukimbilia. Mama mwingine, jirani yake, akanifokea: "Wewe mwandishi, huyu hajalala siku tatu. Sasa hivi tu ndiyo usingizi umemchukua. Unamwamsha kwa ajili ya nini?"

Sikuwa na jibu. Niliomba msamaha, nikarudi mjini bila sauti. Nilikuwa nimekuja kuuliza wanakosa nini, na nilikuwa nimemnyang'anya mtu kile alichokosa zaidi.

Tangu siku ile nikiona matangazo ya pumziko la mlimani ninaelewa kinachouzwa. Kwanza wanauza usingizi bila hofu. Pili wanauza kimya, yaani masikio yasiyongojea mlio wa bunduki. Tatu wanauza mtu wa kukuhudumia: anakuuliza umelalaje, anakuletea chai, anakukanda mgongo. Vitu hivi vitatu ndivyo vita ilivyotuibia. Kwa hiyo yule anayelipa si mjinga. Amejua bei ya kitu ambacho sisi tumezoea kukikosa, mpaka tunacheka tukisikia kinauzwa.

Najua kuna atakayesema: "Mwandishi, tumbo langu linanguruma na wewe unaniletea habari za kupumzika!" Ndugu yangu, una haki ya kusema hivyo. Chakula kwanza, dawa kwanza, usalama kwanza kuliko vyote. Lakini tuangalie mambo yanavyokwenda nyumbani. Mama asiyelala kwa majuma anampiga mtoto kwa kosa dogo, kisha analia. Baba ambaye moyo wake haujatulia anauza ule unga kidogo uliopatikana ili anywe kinywaji kikali, kwa sababu pombe peke yake ndiyo inayomlaza. Mtoto anashtuka usiku, darasani anasinzia, mwalimu anasema hana akili. Tunasema ni tabia mbaya. Mara nyingi ni uchovu ambao haukupata mahali pa kutua.

Wataalamu pia wanasema hivyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu kwamba katika sehemu zilizopitia vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, kuanzia huzuni na wasiwasi mpaka magonjwa mazito. Mtu 1 kati ya 5. Chukua nyumba moja ya Goma iliyopokea familia mbili za wakimbizi, uhesabu waliomo, utaona kwamba hatuzungumzii wazimu wa barabarani. Tunazungumza juu ya dada yako, juu ya mpangaji wako, labda juu yako mwenyewe.

Sheria nayo inajua. Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 24, linasema kila mtu ana haki ya kupumzika. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Haikuandikwa kwamba haki hiyo ni ya wenye dola.

Basi tufanye nini, sisi tusio na pesa za hoteli? Mimi nina mapendekezo machache, na hakuna hata moja linalohitaji kitanda cheupe.

La kwanza ni kwa familia zinazopokea wageni. Mmefanya kazi kubwa, Mungu awabariki. Lakini tuwe wakweli: katika nyumba nyingi mama mkimbizi ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Anateka maji, anafua, anapika, kwa sababu anaogopa kuambiwa anakula bure. Akikaa kidogo kivulini tunasema ni mvivu. Mpeni nusu siku kwa juma, asiguswe. Mmoja wenu ashike mtoto wake, yeye alale. Tukumbuke tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotema moto, na siku chache baadaye mji ulipoambiwa uhame. Wengi wetu tulikimbilia Sake. Watu wa Sake walitufungulia nyumba, tukalala kwenye mikeka yao. Mwezi wa pili wa mwaka 2024 ilikuwa zamu yao kukimbilia kwetu. Deni la usingizi hulipwa kwa usingizi.

La pili ni kwa makanisa na misikiti. Nyumba za ibada zina kitu ambacho nyumba za mbao za Goma hazina, yaani nafasi na kimya. Siku za katikati ya juma mara nyingi zinakaa tupu. Zifunguliwe saa chache kwa wanaotaka kukaa tu, bila mahubiri, bila kipaza sauti, bila sadaka. Na wale wenye kipaza sauti mpaka saa nane za usiku, tafadhali, jirani yenu ametoka kwenye mabomu.

La tatu ni kwa wanaotoa msaada na kwa vituo vya afya. Mkihesabu mahitaji mnaandika sabuni, unga, plastiki. Andikeni pia mahali pa watoto kucheza na mtu wa kusikiliza. Na mtu akija kituoni akasema "silali", asipewe vidonge vya malaria tu na kuambiwa aende. Aulizwe tangu lini, na ni nini kinachomwamsha.

La nne ni kwetu waandishi. Tuache kuamsha watu.

La tano ni kwa wenye bunduki wote na kwa wanaoketi mezani kuzungumza juu ya amani. Sitawaambia nani ana haki, hiyo si kazi ya makala hii. Ninawaambia tu kwamba wengi waliotoka kambini wamerudi milimani. Wengine walikuta nyumba zimechomwa, wengine walikuta shamba lina mwenyewe mwingine. Wanalima mchana, usiku wanalala na nguo na viatu, fungu la vitu limefungwa karibu na mlango. Msituambie kwamba watu wamerudi na amani imerudi. Hesabu ya kurudi ianze siku ambayo mtu wa Masisi atavua viatu akilala.

Na siku watalii watakaporudi, maana siku moja watarudi, tusisahau somo hili. Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 1925 wakati wa Wabelgiji, ikapewa jina la mfalme wao Albert, na wenyeji wa pembeni walijifunza kwamba mlima ni wa kutazamwa kutoka mbali. Tangu mwaka 1979 ni urithi wa dunia nzima. Dunia nzima ni jambo zuri, lakini ianze na jirani. Mwanafunzi wa Kibumba apande na darasa lake kwa bei ambayo mzazi wake anaweza. Mama wa Rutshuru auze viazi vyake kwenye jiko la hoteli. Na mtu aliyelala chini ya plastiki kwenye miguu ya Nyiragongo apate, hata mara moja katika maisha, kuipanda kwa kupenda kwake, apumzike, atazame chini, aone nyumba yake iko salama.

Yule kijana wa simu nilimwona tena juzi. Yeye mwenyewe ni mtoto wa Rutshuru, alifika Goma akiwa na miaka kumi na minne. Nikamwambia: ndiyo, watu wanalipa kusudi walale. Akanyamaza kidogo, akasema: "Kaka, mimi ningelipa kulala kwetu." Akaweka simu mfukoni, akasukuma chukudu yake akaenda kutafuta kazi.

Ninyi mnaosoma haya mkiwa kwenye nyumba ya watu, au mmerudi na bado masikio yako wazi usiku kucha: kuchoka kwenu si uvivu, na kutaka kupumzika si dhambi. Leo, kama kuna mtu karibu anayeweza kushika mtoto kwa saa moja, muombeni. Mlale. Sisi tutawasomea habari jioni.