Nyanya zimejikunja? Anza na bomba lako

Vijana wangu wa Mbozi na Momba, si kila jani la nyanya lililojikunja lina virusi vya nzi weupe. Wengi mnapulizia 2,4-D kwenye mahindi, halafu bomba hilohilo mnalisuuza mara moja tu na kuingia nalo kwenye nyanya. Dawa hiyo inaiga auksini, homoni ya ukuaji. Ikigusa jani inasafiri na chakula cha mmea mpaka kwenye vichipukizi; nyanya inaipokea kama homoni yake yenyewe, inakua hovyo, inajisokota. Mahindi ni jamii ya nyasi, yanaivumilia. Mimi nasema nunua bomba la pili, la magugu tu. Ghali? Ekari ya nyanya je? Na jirani akipulizia upepo ukivuma, mfuate siku hiyohiyo.