NYUMBA NA JAMAA: Ramani Mbili Hazijengi Nyumba Moja

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwenye kujenga angeweza kuongeza kwamba ramani mbili nazo hazikai katika kiwanja kimoja. Maana zikikaa, mojawapo itamdhuru mwenye nyumba, na huenda asijue ni ipi mpaka siku ukuta utakapopasuka.

Na ichukuliwe familia moja ya askari katika sekta ya Gikundamvura, wilayani Rusizi, sehemu iliyojulikana zamani kwa jina la Cyangugu. Familia hiyo haitajwi jina, kwa kuwa ni mfano wa familia nyingi. Baba yuko nje ya nchi katika kikosi cha kulinda amani. Mama yuko nyumbani na watoto watatu, naye ndiye anayesimamia ujenzi kwa fedha zinazotumwa kila mwezi. Jina la Gikundamvura katika Kinyarwanda limebeba neno la kupenda na neno la mvua, na anayejenga huko hana ruhusa ya kuisahau mvua. Mama alitaka kuta ziezekwe kabla ya masika; kwa hiyo kazi ilikwenda mbio, na haraka ndiyo mlango ambao makosa ya ujenzi huingilia.

Ramani ya nyumba ilichorwa mjini, ikapelekwa kwa wakuu wanaohusika, ikapata kibali. Mama akaitia katika mfuko wa nailoni, akaihifadhi chini ya godoro pamoja na hati ya kiwanja. Hiyo ilikuwa nakala ya kwanza. Mwezi wa pili, baba alipiga simu jioni.

“Mama watoto, chumba cha watoto kitakuwa na joto. Dirisha liwe pana zaidi.”

“Sawa, Baba watoto. Kwa kiasi gani?”

“Kutoka sentimita 120 liwe 150. Nimekwisha mtumia fundi picha.”

Fundi aliipokea picha hiyo katika simu yake: ramani ileile, ila dirisha moja limechorwa upya kwa kalamu nyekundu. Hiyo ikawa nakala ya pili. Ya tatu walikuwa nayo vibarua, nayo ni karatasi ya mfuko wa saruji ambayo juu yake fundi alinakili vipimo siku ya kwanza, ili wasimsumbue kila saa. Nakala tatu, nyumba moja.

Siku ya Jumatatu vibarua walimimina linta chini, kando ya ukuta. Linta ni boriti ya zege yenye nondo, ikaayo juu ya dirisha au mlango na kuubeba ukuta ulio juu yake. Waliisoma karatasi yao: dirisha sentimita 120, kisha sentimita 20 za kukalia ukuta kila upande, jumla 160. Fundi naye, akifuata picha ya simu, alikuwa ameacha nafasi ya dirisha yenye upana wa sentimita 150. Hakuna aliyekosea hesabu, na hakuna aliyekuwa mvivu. Kila mmoja aliifuata ramani yake kwa uaminifu.

Zege lilipokwisha kukomaa, mama alikuja kiwanjani na birika la chai, utepe wake wa ushonaji ukining'inia shingoni. Aliwakuta vibarua wanne wakijitayarisha kuinua. Akapima nafasi ya dirisha, kisha akaipima linta.

“Fundi, nafasi ni 150, na linta hii ni 160. Itakalia wapi?”

“Itakaa, Mama. Sentimita tano huku, tano kule. Tukisha piga lipu hutaiona.”

“Sikuulizia kuiona. Watoto watalala chini yake.”

Fundi aliitazama ile linta, akawaambia vijana waiache chini.

Maneno ya mama hayakuwa ya woga. Linta ya urefu huo, yenye unene wa sentimita 20 kwa 20, ina uzito unaozidi kilo 150, mbali na matofali yatakayopangwa juu yake. Tena wilaya ya Rusizi imo katika Bonde la Ufa, ambako ardhi haikutulia. Siku ya Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lenye kipimo cha karibu 6 liliitikisa Rusizi na Nyamasheke, na Bukavu ng'ambo ya mpaka. Upande wa Rwanda peke yake watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa kanisani. Ardhi inapotikisika, ukuta huyumba na kufunguka. Linta iliyokalia sentimita 20 kila upande ina mahali pa kushikia. Iliyokalia sentimita tano huchomoka. Katika nchi za matetemeko ni bora zaidi linta isiwe kipande kimoja kimoja, bali mkanda wa zege unaoizunguka nyumba yote juu ya milango na madirisha, ili kuta zote zishikane.

Yafaa iangaliwe ni kitu gani hasa kilichokosekana pale kiwanjani. Saruji ilikuwapo, kiwanda cha CIMERWA kimo katika wilaya hiyohiyo ya Rusizi, nacho kimekuwa kikitoa saruji tangu mwaka 1984. Nondo zilikuwapo, fundi alikuwapo, fedha zilikuwapo. Kilichokosekana ni taarifa moja iliyo sahihi, inayojulikana na wote kwa wakati mmoja. Taarifa nayo ni kifaa cha ujenzi kama mchanga na kokoto; ikiwa mbovu, jengo huwa bovu, hata kama saruji ni ya daraja la juu.

Jambo hili limewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka 1975, mtaalamu wa Marekani, Charles Eastman, aliandika kwamba kompyuta ingeweza kuhifadhi maelezo ya jengo zima mahali pamoja, badala ya kuyatawanya katika michoro mingi ambayo kila mmoja hurekebishwa peke yake. Wazo hilo limekua, na leo kazi ya namna hiyo hujulikana kwa herufi tatu, BIM, yaani kutengeneza mfano wa taarifa za jengo ndani ya kompyuta kabla ya kulijenga ardhini.

Tofauti yake na ramani ya karatasi ni hii. Katika karatasi, dirisha ni mistari tu. Katika mfano wa kompyuta, dirisha ni kitu kinachojulikana: lina upana, lina kimo, limo katika ukuta fulani, na juu yake ipo linta. Ukipanua dirisha, hesabu hubadilika mahali pote. Kwa mfano, ukuta wa mita 8 kwa 3, wenye dirisha la sentimita 120 kwa 120, huhitaji matofali ya saruji 262 hivi, ikiwa uso wa tofali ni sentimita 40 kwa 20 na kiungo cha saruji ni sentimita moja. Dirisha likipanuliwa kufika sentimita 150, matofali hushuka mpaka 258. Tofauti ni matofali manne, nayo ni ndogo kiasi cha mtu kuipuuza. Lakini linta hapana budi irefuke kutoka sentimita 160 hadi 190, na hilo halipuuziki. Mfano uliotengenezwa vizuri huyaonyesha yote mawili kwa pamoja. Hali kadhalika huonyesha mahali ambapo bomba la maji litagongana na nguzo, kabla nyundo haijaanza kuvunja zege.

Hata hivyo, kompyuta peke yake haimsaidii mtu. Mfano hufanya yale tu uliyofundishwa. Na hata ukiwa sahihi kabisa, kibarua akishika karatasi ya mwezi uliopita atajenga ya mwezi uliopita. Kwa sababu hiyo mataifa yaliona kwamba kinachotangulia ni mapatano, ndipo chombo kifuate. Serikali ya Uingereza ilitangaza shabaha yake mwaka 2011, na kuanzia Aprili 2016 ikadai kazi za ujenzi za serikali kuu zitumie utaratibu huo. Mwezi Desemba 2018 ukatolewa utaratibu wa kimataifa, ISO 19650, wa namna ya kupanga na kutunza taarifa za majengo. Uko pia utaratibu uitwao IFC, ambao ni kama lugha ya pamoja: huiwezesha programu moja kusoma kazi iliyofanywa katika programu nyingine, ili mchoraji wa nyumba, mhandisi wa nguzo na fundi wa umeme wasitengane kwa sababu kila mmoja amenunua chombo tofauti. Zipo hata programu zisizolipiwa, kama FreeCAD, ambazo kijana wa chuo cha ufundi anaweza kujifunzia.

Kiini cha ISO 19650 si kigumu. Kila taarifa ya jengo huwekwa katika hali moja kati ya nne. Ya kwanza ni kazi inayoendelea, ambayo bado imo mikononi mwa mwenye kuichora na haifai kujengewa. Ya pili ni taarifa iliyoshirikishwa, ambayo wenzake wanaitazama na kuikosoa. Ya tatu ni iliyoidhinishwa, nayo peke yake ndiyo ya kujengea. Ya nne ni kumbukumbu, yaani iliyopitwa na wakati. Haitumiki tena, lakini haitupwi. Picha ya baba ilikuwa katika hali ya kwanza, na fundi aliijengea kana kwamba imefika ya tatu.

Askari na polisi hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Mlinzi wa lango anajua kwamba neno la siri la jana halimpitishi mtu leo, hata kama jana lilikuwa sahihi. Polisi wa zamu anajua kwamba katika kitabu cha matukio neno lililokosewa halifutwi. Hupigwa mstari mmoja, likasomeka bado, kisha aliyelisahihisha akatia sahihi na tarehe. Wachoraji wa majengo wanafuata nidhamu ileile. Ni ajabu basi mtu ailinde kambi kwa nidhamu hiyo, kisha aiache nyumba yake mwenyewe ijengwe kwa picha tatu za simu.

Kadiri kazi inavyokuwa kubwa, ndivyo haja hii inavyozidi. Mwaka 2020 Rwanda ilianza kazi ya kujenga vyumba vya madarasa 22,505, na wananchi wakashiriki kwa mikono yao. Kipimo cha linta kikikosewa katika ramani ya nyumba moja, familia moja inapata hasara. Kikikosewa katika ramani inayorudiwa mara elfu nyingi, kosa nalo hurudiwa mara elfu nyingi, juu ya vichwa vya watoto. Serikali nayo hupokea maombi ya vibali vya ujenzi kwa njia ya kompyuta, katika mfumo uitwao Kubaka. Hata hivyo, kibali huhusu ramani ile iliyopelekwa. Mabadiliko ya kalamu nyekundu yanayokuja baadaye hayamo ndani yake mpaka yapelekwe.

Nyumba ya mtu wa kawaida haidai kompyuta. Mama wa Gikundamvura alinunua daftari moja la kurasa 48, akaweka kanuni hizi.

Kwanza, nakala ya kujengea ni moja tu, nayo hukaa kiwanjani wakati wa kazi. Yenye muhuri hubaki salama nyumbani, kwa ajili ya kulinganishia.

Pili, badiliko lolote, hata liwe la baba mwenyewe, huandikwa kwanza katika daftari kwa namba na tarehe, na mbele yake huandikwa kila kitu kinachoguswa: dirisha, linta, fremu, kioo, nondo. Kama linagusa nguzo, msingi au ukuta unaobeba paa, halifanywi kabla mtaalamu na ofisi husika hawajaulizwa.

Tatu, fundi na mama hutia sahihi, kisha ndipo kazi hufanyika. Picha ya simu ni ombi, si amri.

Nne, karatasi iliyopitwa na wakati hupigwa mstari na kuandikwa IMEFUTWA, ikatiwa katika bahasha. Haichomwi, wala haiachwi mikononi mwa kibarua.

Tano, kabla kuta hazijapigwa lipu, mabomba na nyaya hupigwa picha, na vipimo vyake kutoka pembe ya chumba huandikwa. Miaka kumi baadaye, bomba likivuja, atakayekuja kutengeneza hatabomoa ukuta mzima kulitafuta.

Linta ile ya sentimita 160 haikupotea. Iliwekwa juu ya dirisha la jikoni, ambalo upana wake ulibaki 120. Kwa chumba cha watoto ilimiminwa nyingine ya sentimita 190, nayo ikangojewa ikomae kabla ya kuinuliwa. Mama alimtumia mumewe picha ya ukurasa wa kwanza wa daftari: badiliko namba 1, sahihi mbili, na nafasi moja iliyoachwa wazi.

“Baba watoto, nafasi hiyo ni yako. Tia sahihi katika karatasi, uirudishe. Na ukitaka kubadilisha tena, andika kwa mama wa nyumba, si kwa fundi.”

Jibu lilikuja usiku, baada ya zamu: “Amri imepokelewa.”

Kila familia yenye nyumba inayojengwa inaweza kuanza leo hii jioni. Nakala zote za ramani zikusanywe juu ya meza, zilizo katika simu pamoja na zilizo mifukoni mwa mafundi, zipimwe moja dhidi ya nyingine, na mojawapo iandikwe kwa kalamu ya wino: HII NDIYO YA KUJENGEA. Zilizobaki zipigwe mstari kabla jua la kesho halijachomoza na vibarua hawajashika mwiko.