"TUNAONEWA": NENO HILI LINA MIZANI YAKE

Ndugu wanachama, neno hili twalisikia kila siku, Shinyanga mjini hata machimboni Geita: "Tunaonewa." Mwamuzi wa mpira akipuliza filimbi, ameonea. Mtoto akicheleweshewa chakula, ameonewa. Neno likitumiwa kwa kila jambo huwa kama jembe lililokwisha makali, halilimi tena.

Na tulitazame neno lenyewe. Kuonea latokana na kuona. Twasema kumwonea mtu huruma, na hilo ni jema. Ondoa huruma, sema kumwonea mtu tu, nalo lageuka ubaya: mwenye nguvu amemtazama mnyonge, akaona hawezi kumfanya lolote. Basi uonevu si kila hasara. Shimo lisilotoa dhahabu halijamwonea mtu. Uonevu wataka mtu aliyechukua, mtu aliyenyang'anywa, na haki inayoweza kupimwa.

Wazee wetu wa pamba walilijua jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakuishia kunung'unika. Walijiunga, wakataka wapimaji wao wenyewe wasimame penye mizani. Vyama vyao vya ushirika vikakua, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani.

Leo twapima dhahabu. Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, ili mchimbaji mdogo auze kwa bei iliyo wazi na mizani inayoonekana. Lakini mizani ya sokoni ndiyo ya mwisho. Kabla yake kuna mgao wa viroba penye duara, kuna karasha, kuna deni la chakula. Huko mwanaapolo aweza kupunjwa, na mwenye kumpunja aweza kuwa ndugu yetu, tena mwenye kadi ya chama. Je, uonevu wa mgeni tuliupigia kelele, na wa mwenzetu tuunyamazie?

Sisi twasema hapana. Anayeonewa na aseme waziwazi: ni nani, viroba vingapi, gramu ngapi, mapatano yalikuwaje, shahidi ni nani. Nasi tukiisha kusikia, tusimwambie avumilie. Kumwonea huruma aliyeonewa ni kumrudishia haki yake.