Baden-Baden: Mji Uliojengwa Juu ya Maji Moto

Ndugu msomaji, ukiichukua ramani ya Ulaya na kuufuata mto Rhine kutoka Uswisi kuelekea kaskazini, utafika mahali ambapo mto huo ndio mpaka baina ya Ufaransa na Ujerumani. Upande wa mashariki, yaani upande wa Wajerumani, imesimama milima iliyofunikwa na misonobari iliyosongamana hata wenyeji wakaiita Msitu Mweusi. Pembeni mwa milima hiyo, katika bonde jembamba la kijito kiitwacho Oos, ndipo ulipo mji wa Baden-Baden, tunaouzuru Jumapili ya leo.

Kwa idadi ya watu mji huu si mkubwa. Wakazi wake ni wapatao 55,000. Wala haukupata sifa kwa bandari, migodi au viwanda. Hata hivyo, kwa karne nyingi wafalme, majemadari, waandishi na wagonjwa wamefunga safari ndefu kuuendea. Kilichowavuta ni maji. Na historia ya maji hayo, ukiitazama kwa makini, ni historia ya swali moja: maji yatokayo ardhini bila kugharimiwa na mtu, ni nani mwenye haki ya kuyaoga?

MAJI YATOKAKO

Tuanze na jina. Neno "Baden" kwa Kijerumani lina maana ya kuoga. Kwa kuwa nchi iliyouzunguka mji nayo iliitwa Baden, na kwa kuwa ipo miji mingine yenye jina hilo, watu walizoea kusema "Baden ya Baden". Mwaka 1931 jina hilo la mapacha likawa ndilo jina rasmi. Miji mingi mingine ya Ujerumani hutanguliza neno "Bad" kabla ya jina lake, kama vile Bad Ems au Bad Kissingen. Hiyo si mbwembwe. Ni cheo, na mji hauruhusiwi kujipachika wenyewe, bali hupewa na serikali baada ya kuthibitika kwamba una maji au hali ya hewa ya kuponya.

Maji ya Baden-Baden hutoka katika chemchemi zipatazo 12, katika mteremko wa kilima kiitwacho Florentinerberg. Mvua inyeshayo milimani huzama polepole katika nyufa za miamba, ikashuka chini sana, mahali ambapo ardhi yenyewe ni ya moto. Huko maji hupata moto, huyeyusha chumvi na madini, kisha husukumwa kurudi juu. Wataalamu wanakadiria kwamba safari hiyo huchukua zaidi ya miaka 10,000. Kwa hiyo mtu anayejitumbukiza humo leo huoga mvua iliyonyesha kabla ya mwanadamu kuijua kalamu. Chemchemi yenye moto mwingi kuliko zote hufikia nyuzi 68 za Sentigredi, na kwa siku moja chemchemi zote pamoja hutoa kiasi cha lita 800,000.

KAIZARI NA ASKARI

Waliojenga mji wa kwanza hapo ni Warumi, katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Waliuita Aquae, yaani "Maji". Askari wao waliokuwa wakilinda mipaka ya dola walikuwa na majeraha na viungo vilivyokakamaa kwa baridi, na maji moto yaliwafaa sana. Mwanzoni mwa karne ya 3 Kaizari Caracalla aliyakarabati majengo ya kuogea na kuyapamba.

Lakini tazama jinsi walivyojenga. Kulikuwa na hamamu za kifahari za wakubwa, na chini kidogo hamamu za askari. Magofu ya hamamu za askari yangali yanaonekana hadi leo, na mgeni anaweza kuona jinsi sakafu ilivyoinuliwa juu ya vinguzo vifupi ili hewa ya moto ipite chini yake na kupasha joto vyumba. Maji yalikuwa yale yale, ya chemchemi zile zile, lakini milango ilikuwa mbalimbali.

Warumi walifukuzwa katika karne ya 3, na baada ya muda mrefu ukaja utawala wa makabaila wa ukoo wa Baden, waliojenga ngome juu ya mlima kuutazama mji. Katika enzi hizo watu wa kawaida nao walikuwa na njia yao ya kufaidi. Ipo chemchemi ambayo hata jina lake la Kijerumani lina maana ya kubabua kwa maji moto, kwa kuwa hapo ndipo wenyeji walipobabulia nguruwe na kunyonyolea kuku. Fikiria, ndugu msomaji: jikoni mwa mji mzima pakiwa na maji ya moto, usiku na mchana, bila ukuni hata mmoja!

Wahenga walisema kwamba maji ya moto hayaunguzi nyumba. Kweli, hayakuiunguza Baden-Baden. Walioiunguza ni binadamu. Mwaka 1689 majeshi ya mfalme wa Ufaransa yaliuteketeza mji, na mwaka 1705 mtawala wake akahamishia makao yake Rastatt. Mji ukabaki kama mjane kwa karibu miaka 100.

GURUDUMU LA KAMARI

Uhai ulirudi katika karne ya 19, lakini safari hii si kwa maji peke yake. Mwaka 1824 lilikamilika jumba kubwa la wageni, lenye nguzo nyeupe, lililosanifiwa na Friedrich Weinbrenner. Ndani yake watu walicheza dansi, walisikiliza muziki, na zaidi ya yote walicheza kamari.

Mwishoni mwa mwaka 1837 serikali ya Ufaransa ilizifunga nyumba za kamari za Paris. Bwana Jacques Bénazet, aliyekuwa ameziendesha huko, alivuka Rhine na mwaka uliofuata akakodi kamari ya Baden-Baden. Wateja wake wakamfuata. Yeye, na mwanawe Edouard baada yake, walichuma fedha nyingi, na sehemu ya fedha hizo wakaupambia mji. Uwanja wa mbio za farasi katika kijiji jirani cha Iffezheim ulifunguliwa mwaka 1858, na jumba la maonyesho mwaka 1862. Watu wakaanza kuuita mji huo mji mkuu wa Ulaya wakati wa kiangazi.

Lakini jiwe la kila jengo lile lilinunuliwa kwa fedha ya mtu aliyeshindwa. Mmoja wao twamjua vizuri. Katika kiangazi cha mwaka 1867 mwandishi mashuhuri wa Urusi, Fyodor Dostoevsky, alifika hapo pamoja na mke wake kijana, Anna, aliyekuwa mjamzito. Walipanga vyumba juu ya karakana ya mhunzi, ambako kelele za nyundo ziliwaamsha alfajiri. Mume alikwenda kwenye gurudumu la kamari, akapata, akarudi, akapoteza. Kisha akaweka rehani vitu vya nyumbani: vipuli vya mkewe, nguo, hata pete za ndoa. Anna aliyaandika hayo yote katika kitabu chake cha kumbukumbu. Hadithi juu ya mcheza kamari Dostoevsky alikuwa amekwisha iandika mwaka uliotangulia. Kujua ubaya wa jambo hakukumzuia kulitenda. Aliacha kamari mwaka 1871, na mkewe ndiye aliyeshika hesabu za nyumba na kulipa madeni kwa miaka mingi. Wasomaji wetu walio na familia hawahitaji kuelezwa zaidi.

Katika miaka hiyo hiyo, chini ya miti ya bustani ndefu ifuatayo kijito cha Oos, alikuwa akitembea mgeni mwingine, Mfalme Wilhelm wa Prussia, ambaye binti yake aliolewa na mtawala wa Baden. Mwaka 1861 mwanafunzi mmoja alimpiga risasi katika bustani hiyo na kumjeruhi kidogo shingoni. Mfalme akapona, na mwaka 1871 akawa Kaizari wa Ujerumani nzima. Huyo ndiye aliyetoa, tarehe 27 Februari 1885, hati ya ulinzi kwa kampuni ya Karl Peters, hati iliyofungua mlango wa utawala wa Kijerumani katika nchi yetu.

KAMARI IKAFUNGWA, MAJI YAKABAKI

Mwishoni mwa mwaka 1872 nyumba zote za kamari za Ujerumani zilifungwa kwa sheria. Wengi walidhani Baden-Baden imekwisha. Lakini mji uliyageukia tena maji yake. Mwaka 1877 ilifunguliwa hamamu ya Friedrichsbad, juu ya magofu ya hamamu za askari wa Kirumi. Humo muogaji hupita hatua 17, kutoka hewa kavu ya moto hadi mvuke, kusuguliwa, mabwawa ya moto na ya vuguvugu, hadi maji baridi. Mwandishi wa Marekani Mark Twain alioga katika mji huo mwaka 1878. Alilalamika juu ya mambo mengi ya huko, lakini alikiri kwamba baridi yabisi yake aliiacha palepale. Kabla karne haijaisha, ikajengwa na hamamu nyingine kwa ajili ya wagonjwa wasio na uwezo.

Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 1883 iliwalazimu wafanyakazi wengi wa viwandani Ujerumani kuwa na bima ya ugonjwa. Kati ya kila sehemu 3 za mchango, mfanyakazi alitoa 2 na mwajiri 1. Mwaka 1889 ikafuata bima ya uzee na ulemavu. Kutokana na mifuko hiyo, polepole likazaliwa jambo ambalo Warumi hawakuliota: fundi wa chuma au mshona nguo mwenye mgongo mbovu akapelekwa na daktari kwenye mji wa maji ya tiba, akakaa majuma kadhaa, na bima ikalipa. Haki hiyo haikuwa ya milele bila kuguswa. Mwaka 1996 sheria ilipunguza muda wa kawaida kutoka majuma 4 hadi 3, na miji mingi ya namna hiyo ikapoteza wageni.

MLANGO ULIPOFUNGWA

Upo ukurasa mwingine, na si haki kuuruka. Mwaka 1933 utawala wa Hitler uliifungua tena kamari ya Baden-Baden. Katika miaka hiyo hiyo Wayahudi walizuiwa kuingia mahali pa kuogea katika miji mingi ya Ujerumani. Tarehe 10 Novemba 1938 wanaume wa Kiyahudi wa Baden-Baden walikamatwa, wakaswagwa kwa miguu katika barabara za mji mbele ya macho ya watu, wakadhihakiwa ndani ya sinagogi lao, kisha sinagogi likachomwa moto. Wengi wao wakapelekwa kambi ya Dachau. Tarehe 22 Oktoba 1940 Wayahudi wa Baden walihamishwa kwa nguvu hadi kambi ya Gurs, kusini mwa Ufaransa, na kuanzia mwaka 1942 wengi wakapelekwa kuuawa Auschwitz. Miongoni mwao walikuwamo majirani walioishi kando ya chemchemi hizo maisha yao yote.

Vita havikuubomoa sana mji. Wafaransa waliuteka mwaka 1945 wakaufanya makao makuu yao, na askari wao wa mwisho waliondoka mwaka 1999. Mwaka 1985 ilifunguliwa hamamu ya kisasa iliyopewa jina la Caracalla, na mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia, pamoja na miji mingine 10 ya maji ya tiba katika Ulaya.

Madaktari wa leo hawasemi kwamba maji hayo huponya kila ugonjwa. Husema kwamba joto na kuelea majini hulegeza misuli na kupunguza maumivu ya viungo, na hilo si dogo kwa mtu aliyeinama kazini miaka 30. Ama lile swali letu la mwanzo, ndugu msomaji, maji yenyewe hayajawahi kulijibu. Yalimpokea Kaizari na askari, mshindi na mfilisika, kwa joto lile lile. Kila mlango uliofungwa, ulifungwa na binadamu. Na kila uliofunguliwa, binadamu ndiye aliyeufungua.

Tukutane Jumapili ijayo.