MBWA WA MCHUNGAJI APEWE HAKI YAKE

Wahenga walinena, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Mpenzi msomaji, leo ningependa kumtetea mnyonge mmoja ambaye kila mtu hapa Bisil anamjua lakini ni wachache wanaomsema kwa wema. Huyu si mwingine bali ni mbwa wa mchungaji. Hata sisi wanafunzi tukitaka kumtusi mtu tunamwita mbwa. Je, ni nani kati yetu anaweza kushinda malishoni kutwa nzima bila mshahara na jioni arudi bila kunung'unika?

Kwanza tuelewane juu ya kazi yake. Kule Uingereza kuna mbwa wa aina ya collie ambao huzungusha kondoo wakifuata mluzi wa mwenyewe. Mbwa wetu hakufunzwa hivyo. Kazi yake ni ulinzi. Anatembea na mbuzi, ananusa upepo, na akishuku kuna fisi kichakani anabweka mpaka mchungaji aje na rungu. Mimi huchunga mbuzi wa baba mdogo kila likizo, na mbwa wake anaitwa Simba. Simba hanifuati kwa kuwa naogopwa, la hasha! Ananifuata kwa sababu asubuhi nampa ugali na maziwa kidogo kwa mkono wangu. Nikisinzia chini ya mgunga, yeye halali.

Wengine watasema siku hizi kuna taa. Ni kweli. Richard Turere wa Kitengela alikuwa kijana mdogo tu alipounda taa za kuwakawaka za kufukuza simba, na mwaka wa 2013 alienda Marekani kuzieleza. Nampongeza sana. Lakini taa hizo hulinda boma usiku. Mchana kule malishoni, nani atakuonya?

Sasa tazama malipo yake. Akizeeka hafikiriwi tena. Utamwona akizurura sokoni akitafuta mifupa, na mwishowe anagongwa na lori kwenye barabara ya Namanga. Kibaya zaidi, wengi hawachanjwi. Inakadiriwa kwamba kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameumwa na mbwa. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Na ni nani yuko karibu na mbwa kuliko mtoto anayechunga?

Wako wanaosema dawa ni kuwatilia mbwa sumu wote. Mimi napinga. Sumu haichagui, hata tai akila mzoga anakufa. Tena ukiua mbwa wa hapa, wengine watakuja kutoka kwingine bila chanjo na ugonjwa utarudi pale pale. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa huu hukatika. Serikali yetu ilianzisha mpango mwaka wa 2014 wa kuumaliza ifikapo 2030. Miaka iliyobaki si mingi jamani!

Chanjo husaidia hata wanyama wa porini. Mwaka wa 1994 ugonjwa uitwao distempa, ambao ulihusishwa na mbwa wa vijijini, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Basi mwenye kujali watalii naye amjali mbwa.

Maoni yangu ni haya. Maofisa wa mifugo wakija kuchanja, tangazo lisomwe hapa shuleni paredi, ili kila mwanafunzi alipeleke nyumbani. Wazazi wetu hukubali kumchanja ng'ombe kwa sababu ana bei sokoni. Mbwa hana bei, lakini ndiye anayelinda hao mbuzi wanaouzwa tukalipiwa karo. Pia tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, chama chetu cha Kiswahili kiandae mazungumzo. Na wewe ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Wenzangu, anayekulinda mlinde. Mbwa ameshafanya sehemu yake. Imebaki yetu.