Kazi ya dalali wa miti ifanywe na wenye miti

Mufindi, Njombe au Kilolo, bei ya miti ikiwa mbaya anayelaumiwa ni dalali. Anafika kijijini kwa pikipiki, anazunguka shamba nusu saa, anakadiria kwa macho, anataja bei ya shamba zima. Mwenye shamba anakubali kwa kuwa hana bei nyingine ya kulinganisha. Baadaye anasikia mbao zake zimeuzwa Dar es Salaam kwa fedha ambazo hakuziota.

Sisi hatuoni wizi hapo. Tunaona mtu mmoja mwenye namba za simu za watu wote. Anamjua mchanaji wa Mafinga aliyeishiwa magogo, kiwanda cha vinia kinachotaka magogo membamba wiki hii, lori linalorudi Dar tupu, na seremala wa Keko, Dar es Salaam, anayetafuta mbao za moja kwa nane. Mkulima hamjui mchanaji, mchanaji hamjui seremala. Anayewajua wote watatu ndiye anayekula, na kwa kazi hiyo anastahili kula. Anayetaka fungu la dalali aifanye kazi ya dalali.

Si kwamba vyama hakuna. Programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyofadhiliwa na Finland, ilisaidia kuunda vyama vya wakulima wa miti katika vijiji vya Nyanda za Juu Kusini, na vyama vina umoja wao wa kitaifa, TTGAU. Watu wamefundishwa kutumia mbegu bora, kupogolea matawi, kulima barabara za kuzuia moto. Kazi nzuri. Lakini mara nyingi watu hupanda pamoja, na siku ya kuuza kila mtu na lwake. Vipo pia vyama vilivyozaliwa siku mradi ulipoleta miche na kulala siku ulipoondoka. Hivyo tuviache vilale.

Kuuza pamoja kunaanzia kwenye futi ya kupimia. Mti hupimwa unene usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, urefu ukapimwa au kukadiriwa, kisha zikapigwa hesabu za mita za ujazo. Vijana wa kijiji wakifunzwa wanaiweza kazi hiyo. Chama kikiwa na daftari lenye vipimo vya mashamba yote ya wanachama, mnunuzi haji tena kukadiria. Anaulizwa atatoa kiasi gani. Mwenye kiwanda naye anapumua, kwa sababu anapata mzigo wa miezi sehemu moja badala ya kuhamisha mashine kila mara kufuata ekari mbili za huyu na moja ya yule.

Ugumu wenyewe upo Januari. Msindano una sifa ambayo nyanya haina: usipouzwa leo unaendelea kunenepa. Ukiachwa ufikishe miaka 18 na zaidi unatoa mbao pana, zenye bei. Lakini mtoto anatakiwa kuripoti kidato cha kwanza, sare bado, godoro bado, na shamba la miaka tisa linaondoka kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo chama kinapopimwa. Chenye mfuko wa kukopesha, kikakubali miti iliyopimwa iwe dhamana, kitamwezesha mwanachama kusubiri. Kisicho na mfuko kitabaki kuitisha mikutano na kumsikitikia.

Wachanaji nao hawana nafuu. Simama dakika kumi kando ya ding-dong, mashine yao ya kuchania mbao. Injini ya dizeli, mkanda, msumeno wa duara uliochomoza katikati ya meza. Mmoja anasukuma gogo, mwenzake analipokea upande wa pili. Kila mpasuo unakula karibu unene wa penseli. Ubao unatoka mnene huku, mwembamba kule, na zaidi ya nusu ya gogo inabaki chini ikiwa mabanzi na maranda. Msumeno wa utepe hupasua kwa mpasuo mwembamba na kutoa mbao iliyonyooka, ila bei yake haibebeki na mtu mwenye ding-dong moja. Watano wakichanga inabebeka. Vivyo hivyo tanuri la kukaushia, ambalo seremala analililia: mbao mbichi ikigeuzwa kabati, mlango unapinda kabla mteja hajamaliza kulipa.

Tunajua kinachowazuia watu kuungana. Karibu kila kijiji kina hadithi ya mweka hazina aliyetoweka na fedha za kikundi. Basi fedha zisipite mikononi mwake: mnunuzi amlipe kila mwanachama kwa simu kulingana na daftari, chama kibaki na ada yake tu. Na waanze na shehena moja, si na katiba ya kurasa arobaini. Huko Finland kwa wafadhili wetu, Metsä Group, kampuni kubwa ya mbao na karatasi, iko mikononi mwa ushirika wenye wanachama wapatao 90,000, watu wenye misitu yao. Hawakukaa wakimlalamikia dalali.

Halmashauri zina sehemu yao. Zinatoza ushuru kwa mazao ya misitu na zinajua kila lori lililopita kizuizini. Zibandike kila wiki kwenye ofisi za vijiji bei ya mita ya ujazo ya magogo na bei ya mbao Mafinga. Hilo halihitaji semina ya siku tatu yenye posho. Na fedha za mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao zinapogawiwa, kikundi cha vijana wachanaji kinachoomba msumeno wa utepe kisikilizwe kabla ya kile kinachoomba bodaboda nyingine kumi.