Herufi kubwa haimzuii mwizi

Karibu@2024. Herufi kubwa ipo, ndogo zipo, tarakimu zipo, na alama ipo. Liingize nenosiri hilo kwenye fomu nyingi za usajili zinazojigamba kwa usalama, utaona mstari wa kijani na neno "Imara". Kisha jaribu mwikopundadirishakaratasi, maneno manne yaliyookotwa kwa bahati nasibu. Fomu itakuja juu: huna herufi kubwa, huna tarakimu, huna alama! Dhaifu kapewa cheti, imara karudishwa mlangoni. (Hilo la punda nalo usilitumie, limeshachapishwa hapa.)

Waandishi wengi wa programu wanaamini kanuni za nenosiri ni makufuli, kwamba kila unapoongeza moja mlango unazidi ugumu. Laibrari zimewarahisishia kuamini hivyo. Kwenye Laravel unaandika Password::min(8), halafu unatunga kanuni kama shanga: letters, mixedCase, numbers, symbols. Kila shanga ni neno moja tu. Msimbo unapendeza, mkaguzi anaweka tiki, bosi anatia saini. Ila shanga hizo nne zinapima sura ya nenosiri. Ugumu wa kulikisia hazijui hata unavyofanana.

Mlazimishe mtu kuweka herufi kubwa, ataiweka mwanzoni. Tarakimu atazisukuma mwishoni, na mara nyingi zitakuwa mwaka au 123. Alama itakuwa @ au !. Wadukuzi wanayajua haya zamani, na programu zao huanzia hapo hapo. Piga hesabu: maneno 10,000 ya kawaida, alama 10, miaka 100. Unapata michanganyiko milioni 10. Kama mfumo umehifadhi nenosiri kwa hashi nyepesi kama MD5, kadi moja ya michoro huimaliza yote kabla hujapepesa jicho. Maneno manne yaliyochaguliwa kwa dadu kutoka orodha ya maneno 7,776 yanatoa michanganyiko zaidi ya trilioni 3,600. Nasema kwa dadu, si kwa mapenzi. Harakaharakahainabaraka ni ndefu, lakini kila mtoto wa shule anaijua.

Aliyeeneza dawa hii ya kanuni mwenyewe ameikana. Bill Burr aliandika mwongozo wa manenosiri wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2003. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la The Wall Street Journal kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Mwaka huo huo NIST ilishauri kanuni za mchanganyiko wa herufi ziachwe, na toleo la 2025 limezipiga marufuku kabisa. Sisi bado tunameza kidonge ambacho daktari ameshakifuta.

Najua jibu: bila kanuni watu wataandika 123456. Kweli, wataandika. Tovuti ya RockYou ilipovuja mwaka 2009 na manenosiri milioni 32, hilo ndilo lililoongoza. Lakini tiba yake imo kwenye laibrari ile ile, shanga ya tano ambayo wengi wanairuka: uncompromised. Hiyo hulinganisha nenosiri na hazina ya Have I Been Pwned, yenye mamilioni kwa mamilioni ya manenosiri yaliyokwisha kuvuja. Wala nenosiri halitumwi lenyewe. Linageuzwa kwanza kuwa hashi, zinatumwa herufi tano za mwanzo tu, seva inarudisha hashi zote zinazoanza hivyo, na ulinganisho unafanyika kwako.

Wapo wanaokimbilia vipimo vyenye akili zaidi, kama zxcvbn iliyotoka Dropbox mwaka 2012. Ni kipimo kizuri, nakisifu. Lakini kamusi zake ni za Kiingereza: majina ya Wamarekani, maneno ya filamu zao. Neno la Kiswahili lisilokuwa kwenye orodha zake hulihesabu kama herufi zilizomwagwa ovyo, likapewa alama lisizostahili. Mdukuzi anayetulenga sisi hatakuwa na upofu huo. Ukikitumia, kipe kamusi yetu: majina ya watu, ya timu, ya miji, na methali.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa programu, fungua faili la usajili leo. Futa letters, mixedCase, numbers na symbols. Pandisha min kutoka 8 hadi 15, ruhusu nafasi kati ya maneno, weka uncompromised. Na yule mkaguzi akiuliza tiki zake ziko wapi, mwonyeshe Karibu@2024.